Si kila tunda la uani ni la kuliwa

Shule zinapofungwa mwezi wa Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, mabasi na matatu kutoka Nairobi, Nakuru na Mombasa huwaleta watoto wengi Kisii kuwatembelea nyanya na babu zao. Hapa Nyamarambe, Gucha Kusini, mtoto wa mjini hukuta mambo asiyoyazoea: migomba, miwa, mapera yanayoanguka yenyewe, na miti ya ua inayozunguka boma ikiwa imejaa vitunda vya manjano, vyekundu na vyeusi. Binamu zake wa mashambani wamefundishwa tangu utotoni kipi huliwa na kipi huachwa. Yeye hakufundishwa. Akiona wenzake wakichuma na kula, naye huchuma, ila pengine kutoka mti mwingine.

Mzazi unayesoma gazeti hili ukiwa mjini, usidhani kuwa jambo hili ni la mashambani tu. Miti ya mapambo yenye matunda ya sumu hupandwa pia kwenye mitaa ya makazi, mbele ya afisi, kando ya makanisa na hata katika viwanja vya shule. Hupandwa kwa sababu ina maua ya kupendeza, haihitaji maji mengi na mifugo haiipendi. Sababu hiyo ya mwisho ingetosha kututia shaka. Mara nyingi mbuzi huukataa mti kwa kuwa una uchungu au una sumu.

Katika somo la leo tutaitazama miti hiyo mmoja mmoja, tujue tunda lipi ni chakula na lipi ni sumu, na la kufanya iwapo mtoto amekwisha kula.

MAMBO MATATU YANAYODANGANYA

Watu wengi hupima usalama wa tunda kwa mambo matatu, na yote matatu hudanganya.

La kwanza ni ndege. Utasikia mtu akisema, "Mbona ndege wanakula na hawafi?" Ndege wengi humeza tunda zima na kuitoa mbegu ikiwa haijapasuka, na sumu ya matunda mengi imo ndani ya mbegu. Isitoshe, mwili wa ndege si sawa na wa binadamu. Yuko hata panya mmoja mkubwa wa Afrika Mashariki, mwenye manyoya marefu mgongoni, ambaye hutafuna magome ya mti wa sumu ya mishale na kujipaka mate yake kwenye manyoya ili mbwa akimuuma adhurike. Watafiti waliieleza tabia hiyo mwaka 2011. Panya huyo hafi. Je, wewe nawe utatafuna gome hilo kwa sababu panya ametafuna?

La pili ni utamu. Sumu si lazima iwe chungu. Mbegu za mbono kaburi, ambazo tutazitaja hapo chini, zina ladha inayokaribia ya njugu, na ndiyo sababu mtoto hali moja tu akaacha.

La tatu ni jina. Jina moja huweza kubebwa na miti miwili tofauti, mmoja wa dawa na mwingine wa sumu. Kadhalika undugu wa mimea si dhamana. Nyanya, viazi, managu ambayo sisi Wakisii tunaiita rinagu, na mnanaha unaowatia watu wazimu, yote ni ya ukoo mmoja. Hata rinagu yenyewe, vitunda vyake vibichi vya kijani havifai kuliwa.

THEVETIA: HATARI KUBWA KULIKO YOTE

Nikiulizwa ni mti gani wa mapambo unaopaswa kuogopwa zaidi, nitautaja thevetia bila kusita. Ni mti mdogo, majani yake ni membamba, marefu na yanayong'aa. Maua ni ya manjano, au ya rangi ya chungwa hafifu, yenye umbo la kengele. Tunda lake ni la kijani na lina pembe, kama kitu kilichobanwa pande tatu. Likikomaa hugeuka jeusi. Ndani mna kokwa gumu lenye mbegu. Ukivunja kijiti utaona utomvu mweupe kama maziwa.

Kila sehemu ya mti huu ina sumu, na mbegu ndizo mbaya zaidi. Sumu yenyewe ni ya jamii moja na dawa ya moyo iitwayo digoksini. Humfanya mtu atapike, aharishe na kuona kizunguzungu, kisha mapigo ya moyo huenda polepole na kupoteza mpangilio. Madaktari wa Sri Lanka ndio wenye uzoefu mkubwa zaidi duniani wa kuitibu, kwa kuwa tangu miaka ya 1980 hospitali zao zimepokea maelfu ya wagonjwa waliomeza mbegu hizo. Walijifunza kwamba mgonjwa anaweza kufika akiwa anazungumza vizuri, kisha moyo ukavurugika saa nyingi baadaye. Hivyo basi mtoto aliyekula tunda la thevetia asirudishwe nyumbani kwa kuwa tu ameacha kutapika. Anahitaji kuangaliwa hospitalini kwa muda wa siku nzima, na moyo wake upimwe kwa mashine.

Oleanda, yenye maua ya waridi au meupe, ni ya ukoo huo huo na sumu yake ni ya namna hiyo hiyo.

MWAROBAINI HUYU SI YULE

Mti wa mwarobaini una sifa kubwa, kuanzia Pwani hadi bara. Lakini mwarobaini wa kweli hupenda joto la nyanda za chini. Huku kwetu kwenye miinuko, mti ambao wengi huuita mwarobaini mara nyingi ni jamaa yake, melia, uliopandwa kwa ajili ya kivuli na maua. Matunda ya melia yana sumu.

Tofauti zake si ngumu, na kila mzazi anaweza kuzijifunza:

Majani: Kwa mwarobaini, vijani vimepangwa moja kwa moja kwenye kikonyo kikuu, mfano wa mifupa ya samaki. Kwa melia, kikonyo kikuu hutoa kwanza vikonyo vidogo pande zote mbili, na vijani hukaa kwenye hivyo vidogo.

Maua: Ya mwarobaini ni meupe. Ya melia ni ya zambarau hafifu na yananukia vizuri.

Matunda: La mwarobaini ni la mviringo mrefu, mfano wa zeituni ndogo. La melia ni duara kama gololi, la manjano, na vichala vyake hubaki mtini hata majani yakiwa yamepukutika.

Mtoto akila matunda ya melia hutapika na kuharisha. Akila mengi huweza kulegea, kuyumba anapotembea, kusinzia kupita kiasi au kupata degedege. Hatari ya pili ni ya dawa ya kuchemsha. Mtu mwenye homa hupewa majani ya "mwarobaini" anywe, kumbe ni melia. Hata mwarobaini wenyewe si wa kumpa mtoto mchanga. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia walieleza jinsi watoto waliopewa mafuta yake walivyougua vibaya ubongo na ini. Homa ya malaria ina kipimo na ina dawa. Mpeleke mgonjwa apimwe.

DURANTA NA LANTANA

Hii ndiyo miti ya ua iliyo mingi mijini na mashambani. Duranta hukatwa ikawa ukuta wa kijani mbele ya nyumba. Maua yake ni madogo ya buluu au zambarau, na vitunda vyake vya manjano huning'inia kwa safu kama shanga. Vinavutia macho, na mtoto wa miaka miwili huvifikia bila kupanda kitu. Havifai kuliwa. Huweza kuleta kutapika, homa, usingizi mzito na hata degedege. Mbwa pia wameugua kwa kuvila.

Lantana unaijua: kichaka chenye miiba midogo, majani makavu yanayonuka ukiyafikicha, na kichala kimoja cha maua chenye rangi mbili au tatu. Vitunda vyake ni vya kijani, na vikiiva huwa vyeusi vinavyong'aa. Wengi wetu tuliokulia mashambani tulikula vile vyeusi. Je, ni sumu au si sumu?

Jibu linahitaji uangalifu. Mwaka 1964 ilichapishwa taarifa huko Marekani ya watoto waliodhurika kwa kula vitunda hivi vikiwa vibichi, na mmoja wao alifariki. Kwa upande mwingine, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 kutoka California, wa mamia ya watoto waliokula lantana, ulionyesha kwamba wengi hawakupata madhara makubwa. Ng'ombe na kondoo wakila majani yake huharibika ini na ngozi ikachubuka juani. Ushauri wangu ni huu: usimfundishe mtoto kwamba lantana ni chakula, lakini akila kimoja au viwili vyeusi usipoteze fahamu kwa hofu. Muangalie. Iwapo alikula vya kijani, au vingi, mpeleke hospitali.

KARISA NA MSUNGUTI

Karisa ni kichaka chenye tunda tamu, jekundu linaloelekea weusi likiiva. Waswahili hukiita mtandamboo, Wakikuyu mukawa na Wamaasai olamuriaki. Tunda lake huliwa, na karisa ya bustanini yenye tunda kubwa jekundu, iliyotoka Afrika Kusini, huliwa pia likiiva.

Lakini katika vichaka na misitu mikavu ya Kenya kuna msunguti, mti ambao Wakamba na Wagiriama waliutumia kutengeneza sumu ya mishale. Yule panya niliyemtaja hutafuna magome yake. Majani ya msunguti ni magumu kama ya karisa, maua yake ni meupe yenye wekundu kidogo na yananukia kama ya karisa, utomvu wake ni mweupe kama wa karisa, na tunda lake huwa la zambarau iliyokoza kama la karisa. Mtu afanyeje?

Atafute miiba. Karisa ina miiba mikali. Msunguti hauna hata mmoja. Wapo watu waliokula tunda la msunguti lililoiva kabisa wakati wa njaa, lakini lisiloiva ni sumu kali ya moyo, na hakuna mtoto anayeweza kuamini macho yake kuhusu kuiva. Kwa hivyo funza kanuni moja: bila miiba, usiguse.

MBONO MBILI

Mbarika, ambao wengine huuita mbono, una majani makubwa yaliyochanika kama vidole vya mkono, na aina yenye majani mekundu hupandwa kama pambo. Tunda lake lina miiba laini, na mbegu zake zina madoadoa kama kupe aliyeshiba. Mafuta ya kiwandani ya mbarika ni dawa ya kale ya tumbo, lakini mbegu yenyewe ikitafunwa hutoa sumu kali. Mtoto hutapika, huharisha, wakati mwingine damu, na kukaukiwa maji mwilini. Dalili huanza baada ya saa kadhaa.

Mbono kaburi ni mti mwingine kabisa. Hupandwa kama ua, na karibu na mwaka 2008 wakulima wengi nchini walihimizwa kuupanda kwa ajili ya mafuta ya kuendeshea mitambo. Biashara hiyo haikustawi, lakini miti mingi ilibaki. Mbegu zake nyeusi huleta kutapika na kuharisha kwa haraka. Aghalabu huwapata watoto kadhaa kwa pamoja, kwa kuwa wamegawana.

YALIYO SALAMA

Nisije nikamfanya msomaji aogope kila mti. Matunda mengi ya uani ni chakula kizuri chenye vitamini, na ni hasara kuyaacha yaoze.

Kaiyaba, ule mti wa ua wenye miiba mirefu ya kutisha, hutoa tunda la manjano, duara, lenye manyoya laini. Ni kali mdomoni lakini huliwa, na hutengenezewa jemu. Lokwati, tunda dogo la rangi ya chungwa lenye kokwa kubwa za kahawia, huliwa nyama yake na kokwa hutupwa. Aliyemeza kokwa moja nzima hana haja ya wasiwasi. Zambarau hujulikana kwa kuugeuza ulimi rangi. Forosadi huliwa ikiwa imeiva na kuwa nyeusi. Mapera hayahitaji maelezo.

Angalia kwamba forosadi na karisa zina utomvu mweupe, na bado huliwa. Kwa hiyo ile kanuni ya wazee, kwamba mti wenye maziwa ni sumu, ni onyo zuri lakini si hukumu. Utomvu mweupe ukuambie: "Simama, uliza kwanza."

JINSI YA KUUTAMBUA MTI

Usiutambue mti kwa tunda peke yake. Tazama mambo matano: jani na mpangilio wake, ua na rangi yake, miiba, ipo au haipo, utomvu, na tunda lenyewe likikatwa, lina kokwa moja au mbegu nyingi. Yote matano yakikubaliana, umeujua mti. Moja likikataa, hujaujua.

Siku hizi watu hupiga picha kwa simu na kuiuliza programu jina la mmea. Ni msaada, lakini picha ya tunda pekee huweza kuleta jibu la mti mwingine, na si jibu la kumruhusu mtoto ale. Kwa jibu la uhakika, Makavazi ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi yana hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki, ambako wataalamu huitambua mimea kwa tawi lililokaushwa. Tena mtaalamu wa karibu zaidi huenda ni nyanya yako mwenyewe. Muulize kabla hajaondoka na elimu hiyo.

MTOTO AKISHAKULA

Fanya yafuatayo, kwa utulivu:

1. Mtoe mtoto mabaki mdomoni na umsukutue kwa maji safi.

2. Kata tawi lenye majani, ua na tunda, ulitie kwenye mfuko. Kama ametapika, chukua pia kiasi cha matapishi.

3. Tazama saa. Kadiria amekula mangapi, na kama alitafuna mbegu au alimeza tu.

4. Waulize watoto wengine waliokuwa naye. Usiwagombeze kwanza, mtoto anayeogopa kiboko hukana.

5. Mpeleke hospitali, hata kama anacheza, iwapo tunda ni la thevetia, oleanda, melia, duranta, msunguti, mbarika, mbono kaburi au mnanaha, au iwapo hulijui.

Na haya usiyafanye. Usimtie kidole kooni wala kumlazimisha atapike. Matapishi huweza kuingia mapafuni. Usimpe maji ya chumvi. Chumvi nyingi yenyewe humuua mtoto. Maziwa na mayai mabichi hayaondoi sumu. Makaa ya jikoni yaliyosagwa si ile dawa ya makaa tunayoitumia hospitalini. Akiwa amesinzia au hajitambui, mlaze kwa ubavu na usimpe chochote kwa mdomo. Iwapo utomvu umeingia jichoni, hasa wa mnyaa, osha jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15 hadi 20 kabla ya kuanza safari, kwa kuwa utomvu huo huweza kuharibu macho.

NUSU YA TIBA IMO MKONONI MWAKO

Sasa nieleze kwa nini nasisitiza lile tawi. Kisii ni nchi ya malaria. Mtoto akiletwa anatapika, amelegea na haongei vizuri, jambo la kwanza tunalofikiria ni malaria, la pili ni maradhi ya kuharisha. Tunapima damu, tunampa maji ya chumvi na sukari. Hizo ni hatua sahihi, lakini hakuna hata moja inayouangalia mpigo wa moyo uliopungua kwa sababu ya mbegu ya thevetia.

Namuuliza bibi aliyemleta, "Omong'ina, mtoto amekula nini leo?" Naye hujibu kwa ukweli wake wote, "Daktari, amekula uji na ndizi tu." Hicho ndicho alichompa yeye. Ya uani hakuyaona. Ndiyo maana sikuhizi huuliza swali jingine: "Walikuwa wakicheza wapi?" Tawi likitolewa mfukoni, mambo hubadilika. Tunajua tupime moyo, tujue muda wa kumlaza, na tujue mapema kama atahitaji kupelekwa kutoka hospitali ya Nyamarambe hadi ile ya rufaa mjini Kisii. Dawa maalumu ya kuipinga sumu ya thevetia ni ghali na haipatikani kwa urahisi, kwa hivyo muda ndio silaha yetu kubwa.

Kwa wiki hii, msomaji, nakuachia kazi moja. Izunguke nyumba yako pamoja na watoto, na kila mti wenye tunda mwambie mtoto jina lake na kama huliwa au hauliwi. Ule usioujua, uuweke upande wa usioliwa. Ikiwa una thevetia mahali watoto wadogo wanapochezea, ung'oe na upande kaiyaba au mpera badala yake. Ua utakuwepo, na matunda yatalika.